Plagi Nne na Mbuzi Mmoja

Mume wangu alikuwa msimamizi wa nyumba ya Mtaliana mmoja kule ufuoni Malindi, na yule bwana alipofunga mizigo kurudi kwao akamwachia gari lake kama shukrani. Sisi tulidhani ni ukarimu. Baadaye nikaja kujua kwamba alikuwa amelitembeza kwa kila mwenye pesa, kuanzia Watamu mpaka Malindi, na kila aliyefunguliwa boneti alilifunika tena kwa adabu akaaga.

Injini ya gari lile haikuwa kama injini za watu. Magari mengine, nilivyoelezwa, yana vyuma vinavyopanda na kushuka. Letu lilikuwa na kitu cha pembe tatu kinachozunguka ndani ya tumbo la chuma, mafundi wakaliita rotari, na waliposema rotari walisema kama mtu anayetaja ugonjwa. Likipita mtaani lilivuma kama mzinga wa nyuki. Lilikunywa petroli, na juu ya petroli likanywa na oili, si kwamba lilikuwa linavuja, ndivyo lilivyoumbwa. Oili ile ikiungua huacha masizi, na masizi hayana pa kukaa ila kwenye plagi, vile vidude vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli. Plagi ikishikwa na masizi hakuna cheche, na pasipo cheche unabaki na kibanda cha bati chenye viti vizuri.

Basi plagi zikahamia jikoni kwangu. Zilikuwa nne. Kila mwisho wa juma mume wangu alizifungua, akaziloweka mafuta ya taa ndani ya bakuli langu la tambi, akazisugua kwa brashi ya waya, akazipanga pembeni mwa jiko la makaa zikauke. Nilimwambia kwamba wanawake wenzangu wanaolewa na mtu mmoja, mimi nimeolewa na mtu na plagi zake. Alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka siku hizo.

Lazima niseme alikuwa nani. Alikuwa mtu wa bara, alishuka pwani kutafuta kazi, tukajuana, akasilimu, akaja Mambrui kuniposa. Ndugu zangu hawakumtaka. Walimwita mtu wa kuja, wakasema Uislamu wake ni wa posa, ukishaiva wali utauona unavyokwisha. Aliyesema ndiyo ni baba peke yake. Alisema kijana huyu amekuja mlangoni kwa miguu yake na amesema la haki, na nyumba hii haimfukuzi mtu wa namna hiyo. Ndugu zangu wakanyamaza, lakini kunyamaza si kukubali, na mume wangu alilijua hilo kila alipoketi barazani kwetu na kukunja miguu yake mirefu.

Baba naye tangu nina akili nilimsikia akitaka jambo moja tu, kuiona Al-Kaaba kabla hajafa. Hakulisema kwa majonzi. Alilisema kama mtu anavyosema kwamba mwezi ujao ataezeka upya paa. Lakini alikuwa na shamba dogo la minazi na mambo mengi ya kulila. Kwanza tulikuwa sisi wa kusomeshwa, kisha mama wa kuuguzwa, kisha mama wa kuzikwa. Paa liliezekwa mara nyingi na Makka ikabaki pale pale ilipo. Alipofanikiwa hatimaye kujiandikisha na msafara mmoja wa Mombasa, magoti yalikuwa yameanza kumkatalia na kifua kilikuwa kinamsumbua usiku. Yeye mwenyewe alituambia waziwazi: akikosa mwaka huo, hana mwaka mwingine.

Ndege ilikuwa iruke kutoka Mombasa alasiri. Kiongozi wa msafara ndiye aliyeshika pasipoti zote, na watu walitakiwa wawe uwanjani mara baada ya adhuhuri. Mimi nilishauri baba akalale Mombasa kwa jamaa zetu siku moja kabla. Alikataa, alitaka kuswali alfajiri ya mwisho katika msikiti wake na kuagwa na watu wake. Jamaa wakazungumza habari ya kukodi basi dogo limpeleke yeye na wasindikizaji. Hapo ndipo mume wangu alipoinuka barazani, mbele ya ndugu zangu wote, akasema basi la nini na gari lipo. Atampeleka baba yeye mwenyewe.

Nikamwona baba akitabasamu. Alimfurahia mkwewe mpaka macho yakamlowa, na mimi pia nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi.

Kasoro ilikuwa plagi. Zile nne alizotuachia Mtaliana zilikuwa zimesuguliwa mpaka zimekonda, gari likawa linakohoa kila asubuhi kama mzee wa tumbaku. Tukaenda pamoja duka la vipuri Malindi, mimi nikiwa na kikapu maana tulikuwa tunanunua pia mchele na bizari za karamu ya kumuaga baba. Mwenye duka alitandaza gazeti juu ya kaunta akaweka plagi za aina mbili.

Za kwanza zilikuwa zenyewe, za rotari, ndani ya visanduku vyao. Zilipatikana kwa shida kutoka Mombasa, kwa sababu vitu vya nje vilikuwa na masharti mengi wakati huo, na bei yake ilinifanya nishike kikapu kwa mikono miwili. Mdomo wake ulikuwa mfupi, umejificha ndani. Za pili zilikuwa plagi za pikapu, zile zinazouzwa kila mahali, rahisi. Nyuzi zake za kufungia ni zile zile, zinaingia, ila shingo yake ni ndefu na ulimi wake umetokeza nje. Mwenye duka alitwambia bila kuficha kwamba ulimi ule ukiingia ndani sana, ile pembe tatu inayozunguka itaupiga na injini itakufa hapo hapo. Dawa yake ni kuweka washa za shaba, vile vipete vyembamba, moja juu ya nyingine, ili plagi isizame. Wapo waliofanya hivyo na wakaenda. Wapo waliofanya hivyo wakarudi kwake kwa miguu.

Mume wangu alizishika za kwanza, akazirudisha, akazishika za pili. Nilijua anachokipima, na hakikuwa shingo wala ulimi. Mfukoni alikuwa na pesa za kitu kimoja katika viwili, ama plagi zenyewe, ama mbuzi.

Kwetu anayekwenda kuhiji hufanyiwa karamu, na mkwe haji karamuni mikono mitupu. Mume wa dada yangu, mtu wa ukoo wetu, alikuwa ameshaleta beberu wake, amefungwa uani kwa baba na kila anayepita anamsifia pembe. Kama mume wangu asingeleta wake, ndugu zangu wasingesema neno. Wangetazamana tu.

Nikamwambia anunue plagi. Nikamwambia baba haendi Makka kwa mchuzi wa mbuzi. Alizungusha ile plagi ya pikapu vidoleni kwa muda mrefu, kisha akanijibu taratibu, kwa ile lafudhi yake ya bara aliyokuwa akiificha tukiwa Mambrui.

"Hakuna mtu ataenda kufungua boneti kwenye karamu. Lakini mbuzi, wote wataona kama hayuko."

Ningeweza kubisha zaidi, lakini nilikuwa nawajua ndugu zangu. Akanunua nne za pikapu na washa za kutosha, na tulivyotoka pale tukaenda sokoni kuchagua mbuzi. Alichagua mzuri. Mbuzi aliliwa kwa siku moja na watu wakalamba vidole.

Fundi alizifunga plagi, akazipachika washa, akapima kwa jicho na kwa dua. Gari likawaka. Tulikwenda Mambrui na kurudi, tukaenda Gede, likavuma barabarani bila kukohoa hata mara moja, na mume wangu akaniangalia kwa lile jicho la nilikwambia nini. Kumbe plagi zile zilikuwa hazina neno kwenye barabara tupu. Zilichokuwa haziwezi ni kungoja, na hilo tulikuwa bado hatujalijua.

Siku ya safari baba alikwisha maliza kuomba radhi. Hilo ni jambo zito kwetu. Anayehiji huenda nyumba kwa nyumba akiomba asamehewe alilokosa, naye husamehe, kwa sababu huenda asirudi. Baba alikwenda hata kwa mtu waliyegombania naye mpaka wa shamba tangu sijazaliwa, wakashikana mikono wakalia wote wawili. Asubuhi hiyo Mambrui zilisomwa kasida, ubani ukafukizwa, wanawake wakalia, na baba akaingia gari la mkwewe akiwa ametengana na watu wake kama maiti njema. Aliketi mbele na tasbihi yake, mimi nyuma na mzigo wake. Tulipovuka daraja la Sabaki akasema gari lina mwendo, mashallah. Shingo ya mume wangu ikarefuka kwa furaha.

Kilifi siku hizo hakukuwa na daraja. Ukifika unateremka mpaka kwenye maji na kungoja feri. Siku hiyo feri iliyokuwa ikifanya kazi ni moja, nyingine ilikuwa imefungwa, na foleni ilikuwa imepanda kilima mpaka karibu na maduka. Kila dereva alifanya kama wafanyavyo madereva wote pale: unazima kuokoa petroli, mbele wakisogea unawasha, unasogea hatua chache, unazima tena. Mume wangu naye akafanya hivyo hivyo. Magari mengine hayajali. Rotari kila ikiwashwa humwagiwa petroli nyingi, na ikizimwa kabla haijapata moto petroli ile hubaki ndani, ikalowesha plagi. Plagi zenyewe za rotari zingestahimili. Hizi za pikapu, zimevutwa nyuma na washa na kukaa ndani ya vishimo vyake, zilikuwa zinakusanya petroli na oili kama vikombe. Haya nilielezwa baadaye na fundi, wakati hayakuwa na faida kwa mtu.

Ndani ya feri kila injini lazima izimwe, hiyo ni amri. Tukavuka kimya. Upande wa pili, Mnarani, mume wangu akazungusha ufunguo na gari likalia stata bila kuwaka. Akarudia. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, watu wa feri wakapiga kelele, mwisho wapita njia wakalisukuma gari letu mpaka pembeni pa barabara, baba akiwa ndani, amekaa wima na kofia yake mpya.

Feri iliyofuata ilishusha basi la Malindi. Dereva wake alikuwa mtu wa Mambrui, asubuhi ile ile alikuwa amempa baba mkono wa radhi. Akasimamisha basi, akaja mwenyewe dirishani, akasema kuna kiti, baba apande na mzigo wake, atamfikisha Mombasa mapema. Mume wangu alikuwa ameinamia injini, spana mkononi. Hakuinua kichwa, lakini spana ilisimama.

Baba akamtazama yule dereva kwa upole.

"Nendani salama, mwanangu. Mimi nimekuja na mkwe wangu, na nitafika na mkwe wangu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Dereva akanitazama mimi, kisha akarudi kwenye basi lake na kuondoka. Nikashuka, nikasimama mlangoni kwa baba nikamwambia ndege haijui mkwe wala mkwe wa nani, shuka baba, nakuomba, basi jingine litakuja na feri ijayo. Akanishika mkono na kuniambia kwa sauti ya chini, ili mume wangu kule mbele asisikie:

"Nikishuka hapa, mumeo hatakuwa tena na pa kukaa Mambrui. Huyo dereva leo leo atarudi Mambrui na habari, na unawajua nduguzo. Tulia. Aliyeniita ananiona nilipo."

Nilikasirika. Nilimkasirikia baba, nilimkasirikia yule mwanamume aliyekuwa akifungua plagi bila kuthubutu kugeuka, niliwakasirikia ndugu zangu waliokuwa mbali wanakula kiporo cha karamu. Wakubwa wamesema heshima si utumwa. Mimi siku ile nilimwona mtu amefungwa na heshima pale pale kwenye kiti chake, mlango ukiwa wazi.

Mume wangu alizimwagia plagi petroli akaziwasha moto juu ya jiwe zikauke. Kila mara alisema, dakika moja tu baba, na kila mara baba alijibu, hapana haraka, mwanangu. Basi la pili likapita. La tatu likapita limejaa. Na kisha, jambo ambalo sitalisamehe gari lile mpaka kufa, likawaka. Likavuma kama siku zote. Tulirukia ndani tukicheka kama wendawazimu, baba akaanza kusoma talbiya ya mahujaji kwa sauti, Labbayka Llahumma labbayk, na mimi nikaitikia huku machozi yananitoka. Kama lingekataa moja kwa moja, pengine tungepata basi la nne. Liliwaka likatupeleka mpaka katikati ya mashamba ya mkonge ya Vipingo, mahali ambapo hakuna kituo wala kivuli, likapiga mshindo mmoja na kunyamaza. Kigae cha plagi moja kilikuwa kimepasuka.

Hapo ndipo mume wangu alipokuja dirishani akapiga magoti barabarani. Alimwomba baba amsamehe na apande chochote kitakachosimama. Baba alishuka mara moja, kana kwamba alikuwa akingoja aambiwe na mtu huyo tu. Lori la matofali ya matumbawe likatuchukua mimi na baba, likatembea kwa mwendo wa lori la matofali, na Mombasa tukakodi teksi.

Uwanjani tulikutana na wasindikizaji wa watu wengine wanatoka, wanapangusa macho, wanazungumza habari ya kurudi nyumbani kupika. Kiongozi wa msafara alikuwa mtu mwema. Alikuwa amemngojea baba mpaka alipoweza kungoja, kisha akaiacha pasipoti yake kwa karani pamoja na salamu. Karani akampa baba pasipoti ile kwa mikono miwili. Baba akaipokea, akasema ahsante, akauliza choo kiko wapi. Alikaa humo muda mrefu na mimi nikasimama nje nikiwa nimeshika mzigo, nikiisikiliza ndege ikiondoka, sijui kama ni ile au nyingine.

Hakutaka kurudi Mambrui. Mtu aliyekwisha kuagana na kila mlango, arudi kwa uso gani kuugonga tena kabla jua halijachwa? Alikuja kukaa kwetu Malindi, chumba cha nyuma, na hakutoka hata kwenda msikitini. Na kule alikokuhofia, mambo yalikuwa vile vile alivyohofia. Dereva wa basi alirudi, akasema aliyoyaona, na kabla ya isha Mambrui nzima ilijua kwamba mtu wa bara amemkosesha mzee Hija kwa gari bovu. Ndugu zangu walisema yote waliyokuwa wameyahifadhi tangu siku ya posa. Kwa hiyo alilolitoa baba, alilitoa bure. Hakuipata Makka wala hakumpatia mkwewe pa kukaa. Nimelipindua jambo hili kila upande kwa miaka na sijaona upande wenye nafuu.

Mume wangu hakucheka tena nyumbani. Aliondoka alfajiri, akarudi tumelala. Baba alimwulizia kila siku, na kila siku nilisema yuko kazini. Mwaka uliofuata baba hakuwa na kifua cha kusafiri, na mwaka uliofuata huo hatukuwa naye.

Lakini asubuhi ninayoikumbuka ni moja, wakati angali kwetu. Nilimpelekea chai na mahamri chumbani kama kawaida. Alikuwa ameketi kitandani, ameoga, amevaa kanzu safi. Akaisukuma sinia pole pole.

"Leo nimefunga, mwanangu."

Ilikuwa siku ya Arafa. Mahujaji siku hiyo husimama uwanjani Arafa, na wao hawafungi. Saumu ya siku hiyo ni ya waliobaki majumbani. Nilisimama na sinia mkononi nisijue niiweke wapi. Tangu turudi Mombasa hakuwa amesema neno hata moja la kukosa kwake, na sasa alikuwa amelisema, na mimi nikalia mbele yake bila haya. Aliningoja nimalize. Akaniambia nimtumie mume wangu habari kwamba leo watafuturu pamoja, wao wawili.

Nikamtuma jirani kazini kwake, na jirani akarudi akasema ameupata ujumbe. Magharibi nikatandika mkeka, nikaweka tende, maji, na uji wa mtama. Adhana ikaadhiniwa mpaka ikaisha. Baba alikuwa ameshika tende moja, hajaipeleka kinywani, anatazama mlango. Nilimwambia ale, saumu imekwisha, kuchelewesha si vizuri. Akasema tumngoje mkwe wake kidogo, atakuwa njiani.